Maswali ya Wasomaji: Leza inaionaje gesi?

Toleo lililopita tuligusia kidogo kwamba mafundi wa mabomba ya gesi siku hizi hawazunguki na sabuni kila kiungo, wanasimama mbali wanamulika leza na wanajua panapovuja. Tuligusia tu! Basi simu ya safu hii haijapumzika tangu siku hiyo, maswali yamekuja ya kila aina, mengine makali kweli. Nimechagua haya, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo fundi. Niko Mtwara, niliona jamaa wawili wamesimama ng'ambo ya barabara wameelekeza kitu kama tochi kubwa kwenye bomba la gesi, kidoti cha kijani kinatembea ukutani na wao wanaangalia skrini. Hawakugusa kitu. Gesi haina rangi, haionekani, sasa hiyo tochi inaona nini? (Baraka, Mtwara)

Marahaba Baraka. Kwanza hicho kidoti cha kijani kisikuchanganye, hakipimi chochote, kimewekwa ili fundi ajue ameelekeza wapi. Leza yenyewe inayofanya kazi huioni kabisa, iko kwenye infraredi, urefu wa wimbi karibu nanomita 1,653, na jicho la binadamu linaishia kama 700 hivi.

Sasa twende taratibu. Gesi ya Songo Songo na ya hapo kwenu Mnazi Bay karibu yote ni methani, yaani kaboni moja imeshikana na haidrojeni nne. Hizo haidrojeni hazitulii, muda wote zinavutika na kupinda kwenye viungo vyake, na zinatikisika kwa kasi maalum tu, si kasi yoyote. Mwanga wenye mtikisiko unaolingana na huo ukipita hapo molekuli inaumeza, usiolingana unapita zake. Na kila gesi ina kasi zake, hakuna mbili zinazofanana moja kwa moja. Mvuke wa maji unameza karibu na nanomita 1,390, oksijeni karibu na 760, hewa ya ukaa ina sehemu zake karibu na 1,570 na nyingine kali zaidi huko 4,260. Ni kama redio ya zamani ile ya kuzungusha sindano, ukiwa kwenye stesheni unasikia, ukisogea unywele mmoja kimya.

Tochi ya kawaida inamwaga rangi zote kwa mpigo, ikimezwa kidogo kwenye kistesheni chembamba kiasi hicho hutajua. Leza inatoa rangi moja, nyembamba kuliko hata hicho kistesheni, na uzuri wake ni kwamba ukibadilisha umeme unaouingiza kidogo tu rangi nayo inasogea. Kwa hiyo kile kifaa ulichokiona kinaisogeza leza yake maelfu ya mara kwa sekunde, inaingia kwenye rangi ya methani, inatoka, inaingia, inatoka. Mwanga unakwenda mpaka ukutani, unatawanyika, na kijisehemu kidogo mno kinarudi kwenye lenzi ya fundi. Kama katikati hakuna methani, kinachorudi ni kilekile leza ikiwa ndani au nje ya stesheni. Kama ipo, kila leza ikiingia mwanga unaorudi unafifia kidogo, na kwa kuwa mashine inajua sekunde gani hasa leza imeingia, inakudaka huko kufifia hata kukiwa chini ya asilimia 1. Ndiyo maana ukuta mchafu, vumbi au ukungu havimdanganyi fundi kirahisi, hivyo vinafifisha mwanga wote sawasawa, ndani na nje ya stesheni.

Vifaa vya mkononi vingi vinafika mita 30 hivi. Na lazima kuwe na kitu nyuma cha kurudisha mwanga, ukuta, udongo, majani, chochote. Ukiielekeza juu angani hakuna kinachorudi, mashine inakulalamikia tu. Ila kuna ujanja mmoja ambao mimi naupenda, huo mwanga unapita kwenye kioo cha kawaida cha dirisha, kwa hiyo nyumba ikiwa imefungwa na watu wa nje wana wasiwasi kuna gesi ndani, fundi anasimama uani na kumulika kupitia dirishani. Haingii. Anaelekeza kwa kuinamisha kidogo ili kioo chenyewe kisimrudishie mwanga usoni mwa lenzi.

Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, napikia mtungi wa gesi. Nimesoma habari ya leza nikasema hii ndiyo nitakayo, niwe namulika jikoni asubuhi kabla sijawasha. Inauzwa wapi na ni bei gani? (Mama Shamsa, Tabata)

Nzuri mama. Usinunue. Na nasema hivyo si kwa sababu ya bei, ingawa bei yake nayo unaweza kupata bajaji mpya na chenji ikabaki. Sababu kubwa ni kwamba haitaiona gesi yako.

Mtungi wa jikoni hauna methani. Una propani na butani, ile tunayoita LPG. Leza ya mafundi wa mabomba imetegwa kwenye methani, ukiimulika kwenye mtungi unaovuja fyuuu itakuandikia kwamba kila kitu salama, na hilo ni baya kuliko kutokuwa na kifaa kabisa, maana utawasha kiberiti kwa kujiamini. Propani na butani ni molekuli kubwa zaidi, zina viungo vingi vinavyotikisika kwa pamoja, kwa hiyo badala ya vistesheni vyembamba vilivyosimama mbalimbali zinatoa kilima kimoja kipana kilichovurugika, na ule mchezo wa kuingia na kutoka kwenye stesheni haufanyi kazi vizuri. Wapo wanaotengeneza leza za propani, ila hizo ni mashine za viwandani, si za kuning'iniza jikoni.

Kwako wewe sabuni ya kuoshea vyombo na maji bado ni mfalme. Koroga povu zito, paka kwenye kiungo cha regulata na mtungi, paka kwenye mpira urefu wote hasa pale unapoingia kwenye jiko, fungua gesi huku jiko limezimwa, tazama. Pakitoa mapovu yanayokua, panavuja. Na ukisikia ile harufu kali ya kama yai viza ujue hiyo imewekwa makusudi kiwandani, gesi yenyewe haina harufu, basi funga mtungi, fungua milango, usiwashe taa wala usiizime, swichi inatoa cheche. LPG ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini sakafuni na kujikusanya kwenye kona na kwenye mitaro, kwa hiyo mlango wa chini una faida kuliko kidirisha cha juu. Methani ya bomba ni kinyume chake, ni nyepesi karibu nusu ya hewa, yenyewe inapanda darini. Kwa hiyo wale ambao mmeshaunganishiwa gesi ya bomba majumbani ushauri wa "fungua mlango wa chini" kwenu haufai hivyohivyo, fungueni na madirisha ya juu.

Kama unataka kifaa cha kukupigia kelele, zipo kengele ndogo za LPG zinazochomekwa ukutani karibu na sakafu. Hazina leza, zina senso ndogo inayopashwa moto. Zinatosha kabisa.

Mimi nasoma uhandisi mwaka wa pili. Kwenye karatasi ya kifaa cha leza wameandika kipimo cha "ppm mita". Sasa hiyo ni ppm au ni mita? Mbona hawasemi tu ppm ngapi? (Kiprono, Eldoret)

Swali zuri sana hili, na mafundi wengi wanalikwepa. Ppm ni sehemu kwa milioni, yaani gesi ni sehemu ngapi katika sehemu milioni za hewa. Leza haijui gesi iko wapi kwenye njia yake. Inajua tu jumla ya mwanga uliomezwa kutoka kwenye lenzi mpaka ukutani na kurudi. Wingu dogo zito na wingu kubwa jepesi vinaweza kumeza sawasawa. Kwa hiyo ppm 1,000 kwenye njia ya mwanga ya mita 1 ni ppm mita 1,000, na ppm 100 kwenye njia ya mita 10 nayo ni ppm mita 1,000, skrini itaandika namba ileile. Ndiyo ile sheria ya Beer na Lambert unayoisoma darasani, mwanga unapungua kulingana na wingi wa gesi mara urefu wa njia.

Na hapa kuna kitu utapenda kukipiga hesabu. Hewa ya kawaida tu, hapo ulipokaa, ina methani kama ppm 1.9. Ukimulika ukuta ulio mita 30, mwanga unakwenda 30 na kurudi 30, jumla 60. Mara 1.9 unapata kama ppm mita 114, na hakuna bomba hata moja linalovuja! Kwa hiyo fundi mzoefu hashtuki kuona namba, anashtuka kuona namba imepanda ghafla akisogeza kidoti sentimita chache. Anapiga mstari wa bomba kwa kufagia kushoto kulia, akipata panapopanda anasimama, anabadilisha pembe, anamulika tena kutoka upande mwingine, pale mistari miwili inapokutana ndipo tundu lilipo au karibu yake. Upepo ukiwa mkali wingu linahamishwa, basi anaanzia upande upepo unakotoka.

Kwa ajili ya mtihani wako: kifaa hiki kinakwambia pana mvujo, ila kusema "hapa ni kilo ngapi kwa saa" ni hesabu nyingine inayotaka kasi ya upepo na umbo la wingu.

Hivi leza yenyewe haiwezi kuiwasha gesi ikalipuka? (bila jina, Kigamboni)

Hapana, kwa hizi za kupimia. Nguvu yake ni milliwati chache mpaka makumi hivi, haipashi kitu moto wa kuwasha gesi. Methani yenyewe inashika moto ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, chini ya hapo haiwaki, juu ya hapo hewa haitoshi. Cha kuogopa zaidi ni betri na swichi za kifaa, ndiyo maana vifaa vya kuingia navyo kwenye eneo la hatari vina cheti maalum cha kutotoa cheche. Na kile kidoti cha kijani usikitazame machoni, wala usimpe mtoto achezee.

Sasa mhariri, nimeona kwa mtandao kifaa kidogo wanauza, wameandika kina leza ya kupima hewa ndani ya nyumba, kinaonyesha namba kibao, PM2.5, CO2 na kadhalika. Nyanya yangu hutumia jiko la makaa jioni na nataka kumnunulia. Ni kitu ya ukweli ama wananipiga? (Abdi, Eastleigh)

Ndugu Abdi, leza iko ndani kweli, hawajadanganya, ila haipimi gesi. Hapa ndipo watu wengi wanapotea, mimi hili naliona kila wiki.

Kwenye hicho kijisanduku kuna feni ndogo inayovuta hewa, leza ndogo inapiga ile hewa pembeni, na kila chembe ya vumbi au moshi ikipita inarusha mwanga pembeni kwenye senso. Mashine inahesabu hiyo mimweko, inakisia ukubwa wa chembe, inakupa PM2.5, yaani wingi wa zile chembe ndogo kabisa. Ni kifaa kizuri kwa moshi wa makaa, wa taka, wa magari ya Thika Road. Ila ukikipulizia methani tupu hakitatikisika hata kidogo, gesi safi hairushi mwanga namna hiyo. Ile namba ya CO2, yaani hewa ya ukaa, kama kifaa ni cha maana, inatoka kwenye sehemu nyingine humohumo, kitaa kidogo cha infraredi chenye kichujio cha nanomita 4,260, hakuna leza hapo. Na kwenye vile vya bei ya chee kabisa hiyo CO2 wala haipimwi, inakisiwa kutoka kwenye senso ya harufu harufu, ukipika vitunguu inakuambia mnakosa hewa.

Lakini nyanya hauawi na CO2, na jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa linatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi na ndiyo inayolaza watu moja kwa moja. Hiyo kifaa chako hakijaiandika hata kwenye boksi, nimeangalia maelezo uliyotuma. Zipo leza za kaboni monoksaidi pia, zinafanya kazi kwenye nanomita 2,300 na 4,600 hivi, wanazitumia kwenye tanuru na mabomba ya moshi viwandani. Ya nyumbani ni kengele ya kawaida yenye senso ya kemikali, inunue hiyo kwanza. Na jiko litoke nje jamani, au likae pa wazi kabisa, kengele ni nyongeza tu.

Jambo yenu. Tuko Goma, njia ya Sake. Huku mazuku inaua mbuzi kila mwaka na saa ingine inaua mtu. Hiyo leza yenu haiwezi kutusaidia tujue iko wapi? (Espérance, Goma)

Jambo sana mama Espérance, na poleni. Kwa wasomaji wa mbali niseme kidogo: mazuku ni mashimo na mabonde madogo ya huko chini ya Nyiragongo na Nyamulagira ambako hewa ya ukaa inatoka ardhini na kujikusanya. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo inatulia chini bila kuonekana. Usiku na asubuhi mapema upepo ukiwa umelala inakuwa nyingi zaidi. Mtu mzima aliyesimama anaweza asisikie kitu, akiinama kuokota ndizi anaanguka, na mbuzi, mbwa na watoto ndio wa kwanza kwa sababu pua zao ziko chini.

Kwa fizikia, ndiyo, leza inaiona hewa ya ukaa bila shida. Ila nikikujibu kwa ukweli, kwa mazuku leza ni kifaa kikubwa mno kwa kazi ndogo. Leza inang'ara pale unapotafuta kitu kidogo sana kwenye hewa nyingi, sehemu chache kwa milioni. Kwenye mazuku hesabu si sehemu kwa milioni tena, ni asilimia, na ikifika asilimia 10 tu mtu anazimia ndani ya dakika chache. Kwa kiasi hicho senso rahisi ya kitaa cha infraredi iliyofungwa kwenye fimbo ndefu, unaishusha shimoni wewe ukiwa umebaki juu, inakupa jibu kwa gharama ndogo sana. Cha muhimu mahali pakishajulikana pawekewe alama zinazoonekana na watoto wafundishwe, maana mazuku nyingi hazihami.

Leza inakuwa na maana kubwa kwenye mlima wenyewe. Mwaka 2014 wataalamu wa Italia walisimamisha leza ya karibu nanomita 2,000 pale Campi Flegrei, karibu na Napoli, wakapiga mapigo ya mwanga kwenye moshi wa volkano kutoka mbali. Hii si kama ile tochi ya Baraka. Hii inapima pia muda mwanga uliochukua kurudi, kwa hiyo inajua gesi iko mita ngapi, na inapiga rangi mbili, moja inayomezwa na nyingine ya pembeni isiyomezwa, tofauti yao ndiyo jibu. Hewa ya ukaa ikiongezeka kwenye moshi wa volkano inaweza kuwa dalili kwamba uji wa moto unapanda huko chini, na mtu anayepima hana haja ya kusogea kwenye mdomo wa shimo. Mlima kama Nyiragongo, uliotapika 2002 na tena Mei 2021, ukiniuliza mimi ndio wa kuwekewa mashine kama hiyo kabla ya yoyote Afrika.

Kuhusu ziwa, kwa sababu wawili wengine wa Goma na mmoja wa Gisenyi wameuliza: Ziwa Kivu limebeba huko chini kama kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani, zimekandamizwa na uzito wa maji. Ni ziwa la familia moja na Nyos la Kameruni lililotoa hewa ya ukaa ghafla usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu kama 1,700. Upande wa Rwanda wanavuta hiyo methani na kuchoma kutoa umeme, mtambo wa KivuWatt una megawati 26. Huko chini ya maji leza ya kumulika kwa mbali haifiki, maji yanameza infraredi yote. Wanashusha vifaa vya kwenye kamba.

Kama inafanya kazi hivyo, kwa nini wasifunge kwenye gari wapite mitaa yote ya Dar wamalize? (Juma, Ubungo)

Wameshafanya, si Dar, Boston huko Marekani. Mwaka 2011 watafiti waliendesha barabara zote za mji, maili 785, kama kilomita 1,260, wakakuta sehemu 3,356 zinazovuja methani. Mabomba ya chini ya ardhi ya miji ile ni ya chuma cha zamani, mengine yana umri wa kuzidi miaka mia.

Ila kifaa cha gari hakimuliki ukuta. Kuna mrija unavuta hewa ya nje kuingiza kwenye kijisanduku chenye vioo vya aina ya peke yake, vinavyorudisha mwanga zaidi ya asilimia 99.99. Leza inaingia humo inagongwa huku na huku maelfu ya mara, kwenye sanduku la sentimita 25 mwanga unaweza kutembea kama kilomita 20 kabla haujaisha! Wanazima leza ghafla halafu wanapima mwanga uliobaki ndani unachukua muda gani kufa. Sanduku likiwa na methani, unakufa haraka zaidi. Hesabu yote hiyo iko kwenye mikrosekunde, na kwa kuwa wanapima muda na si ukali, hata leza ikiwa imechoka kidogo jibu haliharibiki. Mashine za aina hii ndizo zimekaa Mlima Mugogo huko Rwanda, mita 2,590 juu ya bahari, zinapima hewa ya ukanda wetu mwaka baada ya mwaka, na hata Mauna Loa kule Hawaii walipoanza kupima hewa ya ukaa mwaka 1958 wakahamia kwenye leza mwaka 2019.

Kwa Dar kuna shida moja ambayo Boston nao wanayo. Methani haitoki kwenye bomba tu. Inatoka kwenye dampo kama la Pugu, kwenye mifereji ya maji machafu, kwenye mabwawa. Gari likipiga kelele karibu na mtaro wa Msimbazi, ni bomba au ni uchafu? Dawa yake ni leza ya pili inayopima ethani. Gesi ya ardhini huwa ina ethani kidogo ndani yake, uchafu unaooza hautoi. Zikipanda zote mbili pamoja mwite fundi wa bomba, ikipanda methani peke yake mwite mtu wa mazingira.

Niliambiwa na mjukuu wangu kwamba wazungu wanapima ushuzi wa ng'ombe kwa leza. Ni utani? (Mzee Mollel, Monduli)

Shikamoo mzee. Si utani, ila mjukuu amekosea upande. Methani nyingi ya ng'ombe haitoki nyuma, inatoka mdomoni, sehemu kubwa sana, kwa kucheua. Ng'ombe mmoja anaweza kutoa lita 250 mpaka 500 kwa siku. Huko Uskoti walichukua kifaa kilekile cha mabomba, mtu anasimama pembeni ya ng'ombe anaelekeza puani na kusubiri, na kwenye skrini unaona namba inapanda na kushuka na pumzi, halafu ghafla inaruka juu, hapo amecheua. Uzuri wake ng'ombe hafungwi popote, yuko zizini kwake anakula. Njia ya uhakika zaidi ni kumuweka kwenye chumba maalum cha kupimia pumzi siku nzima, wanavyo Nairobi pale ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, lakini ng'ombe mgeni kwenye chumba cha vioo hali kama kawaida yake, wewe mzee unalijua hilo kuliko mimi.

Faida kwa mfugaji? Hiyo methani ni nguvu ya chakula inayopotea hewani badala ya kuwa maziwa au nyama. Wanapima ili wajue majani gani na ng'ombe gani wanapoteza kidogo.

Je ni kweli kuna leza ya gesi kwenye Mars? (darasa la Form Three, Morogoro)

Kweli. Gari la Curiosity lilitua 6 Agosti 2012 likiwa na leza ya nanomita 3,270 hivi, na kijichumba chenye vioo viwili ambamo mwanga unapigwa mara 81, njia ya mita 16.8. Linavuta hewa ya Mars humo na kutafuta methani. Kwa kawaida limekuta chini ya sehemu 1 kwa bilioni, karibu 0.4, lakini Juni 2019 ilipanda mpaka 21 halafu ikapotea. Kinachowaumiza kichwa wanasayansi ni kwamba chombo kingine kinachozunguka juu ya sayari hiyo, kinachotumia mwanga wa jua badala ya leza, hakijaona methani kabisa. Mmoja kati yao ana la kuelezea, na ubishi bado unaendelea. Mwalimu wenu akiwaambia jibu limeshapatikana mwambieni atutumie.

Maswali ya leza za kupima mwendo kasi barabarani nimeyaona, ni kumi na kitu na mengi ni malalamiko ya faini. Hayo na ya betri za sola yatakuwa toleo lijalo. Kaka wa Ilala uliyeuliza kama leza ya kijani ya mnadani inaweza kubadilishwa iwe ya methani, jibu ni hapana, na tafadhali iondoe machoni mwa paka.